Barafu ya Wapi?

Mtu aliyenifundisha jinsi barafu inavyochonga milima hakuwahi kuiona barafu ya mlimani kwa macho yake. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo, siku ya kwanza alipoingia darasani kwetu Kidato cha Pili, pale sekondari mjini Sumbawanga. Aliandika ubaoni, akapangusa chaki kwenye sweta lake, akatuambia kwamba Kilimanjaro hajafika, Mlima Kenya hajafika, na Ulaya ndiyo kabisa, ila amesoma na anaamini amesoma vizuri. Mwenye wasiwasi aondoke akalime. Hakuondoka mtu. Kulima tulikuwa tunalima kila siku saa tisa mchana, kwa hiyo hapakuwa na faida yoyote ya kuondoka.

Nitamwita mwalimu wetu wa Jiografia. Jina lake lipo, lakini hata sisi hatukulitumia. Nikisema Mwalimu peke yake, watu wa umri wangu watadhani namsema yule wa taifa zima, niishie kujieleza. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sijui. Mwenzetu mmoja aliwahi kumuuliza, akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye muhtasari wa somo.

Kuna jambo nililomfanyia mtu huyu nikiwa msichana wa shule, nikalinyamazia karibu maisha yangu yote. Nitalisema, lakini siwezi kulisema kabla hamjamjua, maana mtalichukulia dogo.

Basi, masweta. Alivaa mawili, moja juu ya jingine, mwaka mzima. La ndani lilikuwa la kijivu na halikuonekana ila kolani. La juu lilikuwa la kahawia, limefumwa kwa mkono, na kiwiko cha kulia kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha blanketi. Ufipa kuna baridi, sikatai. Mwezi wa Juni unaamka asubuhi vidole havifungi kifungo. Lakini sisi wenyeji tulikuwa tunakwenda paredi na shati moja la shule, mabega juu, na yeye anatoka nyumbani kwake Majengo amejifunga kama mgonjwa. Tulimcheka sana. Mtu anafundisha barafu, na kajibaridi ka kwetu kanamtetemesha. Alijua tunamcheka. Alisema barafu anaipenda ikiwa kitabuni.

Mlima aliupenda vilevile, ukiwa mbali. Hapa nisimsingizie, niliona mwenyewe. Alitupeleka siku moja kwa miguu hadi ukingo wa nyanda, kule ardhi inapokatika ghafla na Ziwa Rukwa linaonekana chini kabisa, limelala jeupe kama shuka lililoanikwa. Sisi tulikimbilia ukingoni. Yeye alibaki nyuma, hatua kumi hivi, ameshika shina la mti kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, akawa anatuuliza tunaona nini naye anaandika. Mteremko ukoje? Mkali. Mkali wa wapi, wa juu au wa chini? Tulimjibu yote, na somo likaenda vizuri, kumbe mwalimu mwenyewe hakutazama hata mara moja. Hata darasani ramani ilikuwa inatundikwa na mwanafunzi, maana kupanda juu ya kiti hakuweza, alikuwa anaona kizunguzungu.

Neno lake lilikuwa hilo: wapi. Kitabu tulichokuwa nacho kiliandikwa kwa Kiingereza na picha zote zilikuwa za Ulaya, vilele vyembamba kama pembe za mbuzi na mabonde mapana yenye ng'ombe wanono. Mwanafunzi akisimama akasema mlima uliochongwa na barafu una kilele kikali, yeye aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye mkwaruzo, kisha akauliza, "Mlima wa wapi?" Ukisema wa Ulaya, sawa, kaa. Ukisema milima yote, unabaki umesimama.

Maana alichokuwa anataka tukishike ni kwamba barafu ni ile ile lakini kazi yake hailingani. Alitufundisha kama fundi seremala: patasi moja, ukiipeleka kwenye mti laini inakula, ukiipeleka kwenye mti mgumu inakwaruza tu, na ukiipeleka kwa dakika tano usitegemee upate kiti. Kilimanjaro, alisema, ni mlima wa moto, bado mchanga, mgongo wake ni wa mviringo, barafu imekaa juu kama kofia na haijaula sana. Mlima Kenya nao ulikuwa wa moto, lakini ni mzee, umeliwa pande zote hadi umebaki jiwe la katikati, ndiyo maana vilele vyake ni vikali na ubavuni una mabakuli yaliyochimbwa, mengine yana maziwa madogo. Ruwenzori haukuwa wa moto hata siku moja. Ni mwamba mgumu ulioinuliwa kutoka chini, mvua hainyamazi, kwa hiyo mabonde yake ni marefu na yamejaa matope hadi magotini. Bonde la mto, alisema, ni kama mtu amekata kwa panga. Bonde la barafu ni kama mtu amechota kwa karai.

Nilikuwa napenda zaidi habari ya pande. Alieleza kwamba kule Ulaya jua halifiki kichwani, linapita kusini, kwa hiyo upande wa kaskazini wa mlima hukaa kivulini na huko ndiko barafu ilikochimba mabakuli yake. Ukienda nchi za kusini kabisa mwa dunia, mambo yanageuka. Lakini kwetu karibu na ikweta jua linapita juu, halina upande. Kinachoamua ni mawingu. Juu ya Kilimanjaro asubuhi ni kweupe, jua linaupiga upande wa mashariki bila kizuizi na barafu ya huko inayeyuka. Jua likifika magharibi, mawingu yameshapanda, upande huo umefunikwa, na barafu yake inadumu. Mlima mmoja, pande mbili, sura mbili. Nilikwenda na maneno hayo bwenini nikayarudia kitandani kama sala.

Alituonyesha yote hayo kwenye shamba la shule. Anayeijua Ufipa anajua matuta yetu, yale ya mviringo, unakusanya nyasi, unazifunika kwa udongo, zinakaa zinaoza, shamba zima linakuwa limejaa vichuguu vilivyopangwa. Alichukua matuta manne ya pembeni akatugawa makundi, kila kundi kijiko, tukaambiwa tuchonge. Mimi nilikuwa kundi la Ruwenzori. Tulichimba mabakuli, tukamwagia maji yakawa maziwa, tukasimama nyuma ya mlima wetu tukijiona mabwana. Mkuu wa shule alipokuja akakuta matuta ya mahindi yamegeuzwa Ulaya na Afrika, hakufurahi hata kidogo. Ilikuwa miaka ya kujitegemea, shule inajilisha, na tuta ni chakula. Mwalimu wetu alikaripiwa mbele yetu kama mtoto. Aliitikia ndiyo, ndiyo, na jioni yake tulimkuta peke yake shambani anayarudishia matuta udongo kwa mikono, masweta yote mawili mwilini.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote, na mimi mwenyewe nilipokuja kuwa mwalimu niliogopa kuiiga. Mwanafunzi akimuuliza swali la kweli, lile la wapi, lile linalomfanya yeye mwenyewe akune kichwa, alikuwa anainuka kwenye kiti chake. Kilikuwa kiti kimoja tu cha mwalimu, cha mbao, chenye mikono. Anainuka, anamwita aliyeuliza aje akikalie, na yeye anafundisha amesimama hadi kengele. Hakusema umefanya vizuri wala hakupigisha makofi. Tulikuwa tunakitamani kiti kile kuliko maksi. Mimi sikukikalia hata mara moja. Nilikuwa hodari wa kujibu, kuuliza sikuwa hodari.

Mwaka ule serikali ilipoamuru watu wahamie vijiji vya ujamaa, kwetu tulikuwa tunakaa juu ya mgongo wa kilima, nyumba nne za ndugu, mahindi na ulezi vikituzunguka. Tukaambiwa tushuke kwenye kijiji kipya, bondeni, karibu na kijito na barabara. Nilikuwa shuleni, sikuona wanavyohama. Niliambiwa baba aling'oa mlango wa nyumba akaubeba kichwani mwenyewe, hakutaka upande kwenye lori. Likizo nilipofika nilikuta mlango wetu umesimikwa kwenye nyumba ya nyasi mbichi, umezidi urefu wa ukuta.

Shule yetu ilipelekwa pale kijijini kusaidia kukata nyasi za kuezekea, na mwalimu wa Jiografia ndiye aliyetuongoza. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewakusanya watu ili wagawane bustani za maharage ya kiangazi, zile za kando ya kijito. Kijito chetu kinatoka kaskazini kwenda kusini, kina pande mbili. Upande mmoja unatazama jua linapochomoza. Upande wa pili unakaa kivulini hadi saa nne hivi. Watu walikuwa wageni wa bonde lile, walikuwa wamezoea migongo ya vilima, na kila mmoja anajua Juni ikifika sakitu inashuka mabondeni, umande unaganda, majani yanakuwa meupe. Upande gani ulimwe? Mwenyekiti akamwona msomi, akamwomba aseme.

Mwalimu alitazama jua, akatazama bonde, na kusema kweli alikuwa na furaha usoni. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwomba ujuzi wake nje ya darasa. Akaeleza habari ya mashariki na magharibi, jinsi jua la asubuhi linavyoondoa barafu mapema, na jinsi kivuli kinavyoitunza. Limeni upande unaopata jua kwanza, alisema. Wazee wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo mimi niliitwa nikasimama kati nikawa nageuza maneno kwa Kifipa. Baba yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, baba, ndivyo ilivyo Kilimanjaro.

Hapo ndipo mama yangu aliposema. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Aliuliza kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida tu: huyo mwalimu, jua la asubuhi la bonde hili ameliona likilifikia jani mwezi wa Juni?

Nilimsikia vizuri. Mwalimu alinigeukia akauliza mama anasemaje. Nikaona aibu. Nausema ukweli wangu hapa, niliona aibu ya mama, khanga yake iliyopauka, na lile swali lake la kishamba mbele ya mtu aliyesoma Ruwenzori. Nikajibu kwamba mama anashukuru. Mwalimu akamwinamia mama kichwa kwa heshima, mama akanitazama mimi, na mkutano ukaendelea.

Familia nyingi zilichukua upande wa jua. Waliochelewa wakapewa upande wa kivuli, na tuliwaonea huruma. Mama alipanda pale baba aliponyoosha kidole.

Juni sakitu ilishuka pande zote mbili, sawasawa. Jua likachomoza likaupiga upande wetu wakati majani bado yameganda. Hadi saa tano maharage yetu yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Upande wa kivuli yaliyeyuka taratibu, yakanyong'onyea siku mbili, kisha yakainuka. Mwalimu alijua barafu inavyokaa juu ya mwamba. Jani la haragwe hakulijua, na mawingu ya mchana ya Kilimanjaro hayapo kwetu kiangazi. Yeye aliyetukatalia kusema milima yote, siku ile alichukua habari ya mlima mmoja akaipanda kwenye bonde jingine.

Baba alikuja shuleni kunichukua. Hakugomba na mtu. Aliniambia nifunge sanduku, akasema elimu yenyewe ameiona inavyofanya kazi. Tulitembea hadi nyumbani, sanduku kichwani kwake. Nilikuwa nalia na sikuweza kusema ninalia nini, maana kulikuwa na mawili: shule, na lile swali la mama ambalo lingemfikia mwalimu kama nisingelizuia njiani. Mama hakulitaja. Siku zote hizo hakulitaja.

Mwalimu alikuja Jumamosi kwa miguu. Nilimwona kwa mbali kwa yale masweta. Alipomfikia baba alichuchumaa akapiga makofi taratibu, kama sisi tunavyosalimia wakubwa, na makofi yake yalikuwa ya kujifunza, hayana mpigo. Baba aliyaitikia kwa kuchelewa. Nilitegemea ataomba nirudishwe shule. Hakuomba hilo. Alisema amekosea, amekuja kuliona kosa lenyewe, na kama mzee anaruhusu angependa mama wa nyumba amfundishe.

Alikaa siku tatu, analala kwa mwenyekiti. Alipanga mabakuli ya bati yenye maji pande zote mbili za kijito, kila alfajiri anayapitia anagusa kwa kidole kuona lipi limeganda, anaandika. Nyuma yake mama, na nyuma ya mama mimi, nageuza maneno. Safari hii niligeuza kila neno, hata mama alipomwambia atoe mguu kwenye mche. Kulikuwa na mistari michache ya maharage iliyopandwa baadaye, ndiyo kwanza imechipua, upande ule ule wa jua. Asubuhi ya tatu sakitu ilishuka nzito. Mama alituamsha kabla hakujapambazuka vizuri akatupa vibuyu, akatuonyesha: unachota maji ya kijito, unayamwagia majani, unayaosha ule weupe kabla jua halijayafikia. Ndivyo bibi yake alivyokuwa akifanya na mboga zake, alisema, lakini ni kazi ya mistari michache, si ya shamba. Tukamwagia, mama, baba, mimi, na mwalimu anayekimbia na kibuyu huku meno yakigongana. Jua lilipotokeza kwenye kilima mstari wa mwisho ulikuwa bado haujaguswa na maji yalikuwa mbali. Akavua lile sweta la kahawia akalitandaza juu ya miche, akasimama mbele yake kulikinga jua kwa mwili wake, amebaki na sweta moja la kijivu, anatetemeka. Baba yangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tushuke kutoka mgongoni mwa kilima.

Ile mistari ilipona. Mama alilifua sweta akalirudisha, limekunjwa. Na baba aliniambia nirudi shule, ila akaongeza kwa ukali kwamba huyo bwana akisema jambo lolote nimuulize la wapi. Nikacheka peke yangu, maana hakujua amesema neno la nani.

Nilirudi, nikamaliza, nikawa mwalimu wa somo lile lile. Kwa mwalimu wangu sikupungukiwa nafasi za kusema. Nilikaa darasani kwake miaka miwili zaidi. Alikuwa kila mwaka, tukifika kwenye sura ya barafu, anasimulia habari ya maharage mbele ya darasa, bila kututaja, anasema mwalimu mmoja mjinga alifanya hivi. Kila aliposimulia mimi nilitazama dawati. Angeuliza mtu, alikuwa anasema mwishoni, angeuliza mtu mmoja tu siku ile wapi, yule mjinga angejirudi. Lakini hakuuliza mtu. Tazama jambo hilo lilivyonichoma, halafu sikuinua mkono.

Mama yangu alifariki akiwa mzee. Alikuwa bado analima bondeni, upande ule ule wa jua, mistari yake michache, na kila Juni anaamka na kibuyu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hahamii upande wa pili. Alisema udongo wa upande ule ni mzuri na jua lenyewe halina ubaya, linataka tu mtu atangulie. Mwaka mmoja kabla hajafariki alinipa mfuko wa maharage akaniambia nimpelekee yule mwalimu wa masweta. Niliuweka. Nikawa na shughuli. Mnajua shughuli zinavyokuwa pale mtu anapoogopa.

Nilikwenda baada ya msiba, na mfuko mwingine wa mavuno mapya, maana ule wa kwanza ulishaliwa na wadudu. Aliishi mtaa wa Chanji kwa mjukuu wake, nyumba ya matofali ya kuchoma, bodaboda zinapita mlangoni. Nilimkuta sebuleni karibu na jiko la mkaa, kwenye kiti cha mbao chenye mikono. Si kile cha shule, lakini kilifanana nacho hadi nikasita mlangoni. Macho yalikuwa yamefifia sana. La juu lilikuwa sweta nisilolijua, la dukani, na chini yake kolani nikaona rangi ya kahawia.

Nikamwambia shikamoo mwalimu, nikajitaja. Marahaba ilikuja kabla sijamaliza jina. Tulizungumza ya dunia. Nikamsimulia kwamba niliwahi kufika Moshi kwenye semina nikauona Kilimanjaro asubuhi moja, kwa dakika chache, na kofia yake imepungua mno kuliko kwenye picha zetu. Aliuliza imebaki upande gani. Nikasema nilipokuwa nimesimama sikuweza kuona pande zote. Akatikisa kichwa akasema hilo ni jibu zuri.

Kisha nikamwekea mfuko mapajani. Akaupapasa, akauingiza mkono, akazichezea punje kwa vidole.

"Ya wapi?" aliuliza.

"Ya bondeni kwetu, mwalimu. Upande wa jua. Aliyapanda mama."

Mkono ukatulia ndani ya mfuko. Akasema mama yule alimshukuru siku ile ya mkutano, na kwamba shukrani ile ndiyo iliyomuumiza kuliko hasira ya baba yangu, kuliko yote. Amelala nayo miaka yote hii. Mtu alimshukuru kwa kumuunguzia chakula.

Nilikuwa na umri wa kuitwa bibi na sauti ikanitoka kama ya Kidato cha Pili. "Hakukushukuru," nikamwambia. "Aliuliza swali. Mimi ndiye sikuligeuza. Niliona aibu."

Aliinamisha kichwa upande mmoja, vile vile kama zamani. Mjukuu wake alipita na birika, akasimama, akaona hapafai, akarudi jikoni.

"Aliulizaje hasa?"

Nikamwambia, kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama nilivyotakiwa kufanya siku ile: kama jua la asubuhi la bonde lile ameliona likilifikia jani mwezi wa Juni.

Sikupata lawama, na msamaha nao hakuutamka. Alilirudia swali polepole, midomo ikicheza, mara mbili. Kisha akaweka mikono juu ya mikono ya kiti na kuanza kuinuka. Nikataka kumsaidia, akanizuia. Ilimchukua muda. Aliposimama sawasawa alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Niliyafahamu mazoea yake, kwa hiyo nikabaki nimeganda, nikiogopa ataniita mimi, na nikijua sistahili.

Hakuniita. Aligeuka, akapapasa kiti kwa kiganja kama anayepangusa chaki, akauweka juu yake mfuko wa mama yangu, wima, mdomo wake umekunjwa vizuri. Chai ilipoletwa aliinywa amesimama.